Msitupe Cheti Kingine, Tupeni Mashindano

Vijana wenzetu wa Lobule, ninyi wa Rhino Camp, Imvepi na Bidi Bidi, na ninyi kaka na dada mnaofanya kazi na mashirika: andiko hili ni refu kidogo, lakini someni mpaka mwisho. Tumelijadili siku kadhaa, wengine kwa Kiswahili, wengine kwa Lingala na Kikakwa, na tumekubaliana kusema kwa sauti moja. Mkiona kuna hasira ndani yake, ni kweli ipo. Lakini kuna hesabu pia, na hesabu ndiyo tunataka mtujibu.

Tunachosema ni hiki. Mafunzo ya kompyuta yanayoletwa kambini yanatufundisha kubonyeza tu. Na huko nje duniani kuna mashindano ya wanafunzi ambayo swali lake kubwa ni lile tunaloishi nalo kila siku: ukipewa umeme kidogo, unaweza kufanya kazi kiasi gani? Tunataka mashindano ya namna hiyo yaletwe hapa West Nile. Yaletwe kwa wakimbizi na wenyeji pamoja, na yachukue nafasi ya zile kozi za wiki mbili ambazo mwisho wake ni cheti na soda.

Wengi wenu hamjasikia habari za mashindano haya, kwa hiyo tuanzie hapo.

Klasta ni kompyuta kadhaa zilizounganishwa kwa waya ili zifanye kazi moja. Fikiria mama mwenye shamba la mahindi. Akipalilia peke yake anamaliza wiki nzima. Akiita majirani kumi, kila mmoja akachukua mistari yake, wanamaliza kabla jua halijawa kali. Klasta ni hivyo hivyo: kazi kubwa inakatwa vipande, kila kompyuta inachukua kipande chake, halafu majibu yanakusanywa pamoja. Lakini kila mtu aliyewahi kuita watu shambani anajua ugumu uko wapi. Lazima awepo mmoja wa kugawa mistari. Wengine watamaliza mapema, wakae chini ya mwembe wakimsubiri mwenzao mzito. Na kuna kazi hazigawanyiki: muhogo mnaweza kuutwanga watu sita, lakini fufu kwenye sufuria inasongwa na mkono mmoja. Kujua kipi kinagawanyika na kipi hakigawanyiki, hiyo ndiyo elimu ya klasta. Huwezi kuipata kwa kufundishwa kufungua na kufunga dirisha la programu.

Wazo lenyewe lilitoka kwa watu waliobanwa na bei. Mwaka 1994, kwenye kituo cha Goddard cha NASA, shirika la anga la Marekani, Thomas Sterling na Donald Becker waliunganisha kompyuta 16 za kawaida, kwa sababu supakompyuta za wakati ule ziliuzwa kwa bei ya kutisha. Klasta yao waliiita Beowulf. Leo karibu supakompyuta zote kubwa duniani ni mashine nyingi zilizounganishwa zikafanya kazi moja.

Halafu ikaja 2012. Uingereza wakatoa kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi, ukubwa wake kama kadi ya kitambulisho, bei dola 35. Mwaka huo huo, chuo kikuu cha Southampton, Profesa Simon Cox na wenzake waliunganisha bodi hizo 64 wakapata klasta moja. Rafu za kuzipanga walizijenga kwa matofali ya Lego, na mmoja wa wasaidizi wao alikuwa mtoto wa Cox mwenyewe, wa miaka sita. Yote ilichomekwa kwenye soketi moja ya ukutani. Mtoto wa miaka sita! Sisi wa miaka ishirini na zaidi tunaambiwa tusiguse nyuma ya kompyuta, tutaharibu.

Sasa mashindano. Yalianza 2007 mji wa Reno, Marekani, kwenye mkutano mkubwa wa mwaka wa watu wa supakompyuta. Timu ni ya wanafunzi sita ambao bado hawajapata digrii. Wanajenga klasta yao, halafu wanaiendesha saa 48 mfululizo, usiku na mchana, wakiipa kazi za kisayansi za kweli. Na kuna kikomo cha umeme. Mwaka ule wa kwanza kilikuwa ampea 26 kwa volti 120, yaani kama wati 3,100. Hizo ni pasi tatu za umeme zikiwaka pamoja, hazizidi. Ukivuka kikomo, umekosea. Kwa hiyo anayeshinda siyo mwenye mashine nyingi. Mwenye mashine nyingi hawezi kuziwasha zote. Anayeshinda ni anayejua kila wati inakwenda wapi. Mwaka huo walishinda vijana wa chuo kikuu cha Alberta, Kanada. Na ni mwaka huo huo ilipoanza orodha ya Green500, inayozipanga supakompyuta za dunia kwa kuangalia zinafanya kazi kiasi gani kwa kila wati moja. Maana hata matajiri wamegundua kuwa umeme ndio unawabana.

Miaka hii ya karibuni kumekuja mashindano mengine, ya klasta za bodi ndogo tu. Huko kikomo kimewahi kuwa wati 250. Timu inajenga mashine yake kwao, hailazimiki kusafiri.

Tena sikilizeni hili. Kwenye yale mashindano makubwa, waandaaji wamewahi kuweka kwenye sheria kwamba umeme utakatwa makusudi, bila kuambiwa saa. Timu inatakiwa iwashe tena mashine, itafute kazi ilipokatikia, iendelee. Kwao huo ni mtihani. Wanaufanyia mazoezi.

Ndugu zetu, kwetu huo ni mtihani? West Nile kwa miaka mingi ilikaa nje ya gridi ya taifa. Umeme wa Arua ulitoka kwenye majenereta ya kampuni ya WENRECO, halafu 2012 ukaja na ule wa maji wa Nyagak, megawati 3.5 kwa mkoa mzima. Watu wa Arua mjini wanajua maana ya mgao wa umeme. Na sisi huku Lobule, tangu kambi ifunguliwe 2013, umeme wetu ni kipande cha sola juu ya nyumba, mwenye nacho. Nendeni kwenye kibanda chochote cha kuchajia simu. Yule kijana ana betri moja, paneli moja, na simu thelathini mbele yake. Anajua simu gani inajaa haraka, gani betri yake imekufa inakula tu bila kushiba, gani ni ya mtu anayesubiri kutumiwa pesa kwa hiyo itangulie. Mawingu yakija saa nane anabadilisha mpango wote. Hajasoma popote. Lakini kazi anayofanya, kugawa umeme mchache kwa kazi nyingi bila betri kuzimika, ndiyo ile inayofanywa na wale vijana sita wa chuo kikuu kwa saa 48. Tofauti ni kwamba wao wanapewa kombe, yeye anaitwa mtu asiye na ujuzi, anaandikishwa kozi ya kujua kompyuta ni nini.

Na hizo kozi tuziseme. Hatutataja jina la shirika lolote, kwa sababu tatizo siyo moja, na wanaosoma hapa wanajijua. Zinakwenda hivi. Bango linatundikwa. Fulana zinagawiwa. Tunaandika majina, namba ya nyumba, umri, jinsia, tunatia saini. Watu ishirini na tano, kompyuta sita. Jenereta inanguruma nje. Mafuta yakiisha, somo limeisha. Siku ya kwanza sehemu za kompyuta: hii ni kibodi, hii ni mausi. Siku ya pili tunaandika barua ya kuomba kazi ambayo haipo. Wiki ya pili ikifika mwisho picha zinapigwa, vyeti vinatolewa, gari linaondoka. Kompyuta zinaingia kabatini, kabati linafungwa, ufunguo unakwenda na mtu ambaye mkataba wake unaisha. Mwaka unaofuata anakuja mwingine na bango lingine, anaanza tena: hii ni kibodi, hii ni mausi. Kati yetu wako wenye vyeti vinne vya namna hiyo. Hakuna hata mmoja aliyeruhusiwa kufungua kompyuta kuona ndani.

Ripoti inasema vijana 25 wamewezeshwa. Wamewezeshwa kufanya nini? Kompyuta ikigoma, nani anaitengeneza? Anaitwa fundi kutoka Arua, analipwa usafiri na kulala, kwa kazi ambayo kijana wa hapa angejifunza siku tatu.

Tunajua majibu yenu, maana tumeshayasikia mikutanoni. Tuyachukue moja moja.

La kwanza: watu wana njaa, ninyi mnataka kompyuta? Hili ndilo zito, na hatulipuuzi. Mwaka 2023 WFP iliwagawa wakimbizi wa Uganda makundi matatu, wengine wakapunguziwa, wengine wakatolewa. Mei 2025 watu milioni moja waliondolewa kwenye mgao wa chakula kwa sababu fedha zimekwisha. Hao milioni moja ni mama zetu na sisi wenyewe. Kwa hiyo hatusemi hata shilingi moja itoke kwenye posho na maharage iende kwenye bodi. Tunasema juu ya fedha ambazo tayari ziko kwenye mstari wa mafunzo ya vijana, zinazonunua mabango, fulana, mafuta ya jenereta na soda. Hizo hazijawahi kuwa chakula na hazitakuwa chakula. Na tuseme ukweli: chakula kinapopungua, ndipo mtu anahitaji zaidi ujuzi ambao jirani atamlipa. Anayejua kufunga sola, kuunganisha mtandao na kufufua laptopu iliyokufa, Koboko mjini atakula. Mwenye cheti cha kubonyeza hatakula.

La pili: vitaibiwa, vitaharibika. Ndiyo, vingine vitaharibika. Bodi itaungua kwa sababu mtu amechomeka waya vibaya. Hiyo bodi imeungua ikifundisha. Lakini vilivyofungiwa kabatini navyo vinakufa: betri zinavimba, panya wanakula nyaya, vumbi linaziba feni. Hivyo vimekufa bila kumfundisha mtu. Na kuhusu wizi, kitu kinachoibiwa kwa urahisi ni kile ambacho hakuna anayekiona ni chake. Pampu ya maji ya mtaa inalindwa na nani? Na kina mama wanaochota hapo. Wapeni watu kitu chao, mtaona.

La tatu: kiwango chenu cha elimu ni kidogo, hayo ni mambo ya chuo kikuu. Hapa mnakosea kwa sheria na kwa historia. Kwa sheria, yale mashindano makubwa ya Marekani yanaruhusu hata wanafunzi wa sekondari kuwa kwenye timu. Sharti ni kwamba usiwe na digrii. Hilo sharti tumelitimiza vizuri kabisa, jamani!

Kwa historia, tazameni Afrika Kusini. Huko kuna kituo cha taifa cha supakompyuta, CHPC, mjini Cape Town. Badala ya kutafuta mabingwa waliokwisha iva, kilianzisha mashindano ya ndani ya nchi, kikachukua wanafunzi ambao wengi wao hawajawahi kuona klasta, kikawafundisha, kikawashindanisha, na waliofanya vizuri wakapelekwa Ujerumani. Juni 2013, mji wa Leipzig, mara yao ya kwanza kwenda, waliwashinda wa China, Ujerumani, Marekani na Uingereza. Watu wakasema ni bahati. Mwaka 2014 wakashinda tena. Mwaka 2016 tena. Mwaka 2019 tena. Bahati gani inarudi mara nne? Hiyo ni njia. Njia yenyewe haina siri: unawapa vijana mashine, unawapa kikomo, unawapa saa, unawaacha wahangaike. Hatujasikia kwamba walianza kwa kuwaonyesha mausi.

Tena Afrika Kusini hiyo hiyo imetufundisha kingine. Mwaka 2013 supakompyuta iliyoitwa Ranger ilizimwa huko Texas baada ya miaka mitano ya kazi. Kwa Marekani ilikuwa imezeeka. Sehemu yake ikafungwa, ikapelekwa CHPC, ikagawiwa kwa vyuo vya Afrika Kusini, Botswana na Tanzania ili watu wajifunzie. Kilichochoka kwa mmoja kikawa shule kwa mwingine. Sasa jiulizeni, ofisi za mashirika pale Arua na Koboko zinabadilisha laptopu kila baada ya miaka michache. Za zamani zinakwenda wapi? Tunajua stoo ziko.

La nne ni la mafundi, na ni la kweli: laptopu moja nzuri inaweza kuzishinda bodi ndogo nane. Ndiyo. Anayewaambia kwamba klasta ya bodi ndogo ni supakompyuta ya maskini anawadanganya, na sisi hatutaki kudanganyana. Bodi nane hatuzitaki kwa ajili ya mbio. Laptopu moja inamfundisha mtu mmoja kuitumia. Bodi nane zinawalazimisha watu sita wajue umeme unaingiaje, joto linatokaje, kompyuta moja inaongeaje na nyingine, kazi inagawanywaje, na ikikwama saa tisa usiku nani anaamka. Mtu aliyepita hapo anaweza kutunza mtandao wa kituo cha afya. Anaweza kutunza sola ya shule.

Na klasta hiyo haitakaa bure mashindano yakiisha. Bodi hizo hizo zinaweza kubeba maktaba isiyohitaji intaneti. Iko programu ya Kiwix inayoweka Wikipedia nzima kwenye kadi ya memori. Iko Kolibri yenye masomo ya shule. Mwanafunzi anakuja na simu yake, anashika mtandao wa palepale, anasoma bila kununua bando. Sote tunajua bando linavyokula pesa. Darasa moja la sekondari likisoma hivyo, faida imeonekana.

Sasa hesabu tuliyowaahidi. Bodi ya Raspberry Pi 4 ikifanya kazi kwa nguvu zote inakula wati 6 au 7. Weka bodi nane, ongeza na swichi ya kuziunganisha: wati 60 hivi. Paneli moja ya wati 100, siku ya jua zuri la saa tano, inatoa wati 100 mara saa 5, yaani wati-saa 500. Ondoa zinazopotea kwenye nyaya, joto na betri, tuseme zinabaki 350. Gawa kwa 60: karibu saa sita za kazi, kila siku, bila tone la mafuta. Kompyuta ya mezani na skrini yake inaweza kula wati 150. Kwa wati-saa zile zile 350 inakupa saa mbili na dakika ishirini. Mnaona? Jenereta yenu inawasha kompyuta sita za kubonyezea. Paneli moja ingewasha shule.

Kwa hiyo tunadai, na tunadai kwa mpangilio.

Kwanza, fungueni makabati. Kila kompyuta iliyoko kambini ihesabiwe mbele ya viongozi wa RWC na vijana, ijulikane ipo, inafanya kazi au imekufa. Iliyokufa tupewe tuifungue.

Pili, laptopu zinazotoka ofisini zisiishie stoo. Beowulf ilijengwa kwa kompyuta za kawaida, na sisi tunaweza kuanza hivyo kabla ya kununua bodi hata moja.

Tatu, wekeni mashindano mara moja kwa mwaka kati ya Lobule, Rhino Camp, Imvepi na Bidi Bidi. Timu ya watu sita: wanne wakimbizi, wawili wenyeji. Uganda imeweka utaratibu kwamba karibu asilimia 30 ya msaada ifike kwa wenyeji, na hawa Wakakwa na Walugbara waliotupa ardhi ni vijana wenzetu, shida zetu ni moja. Wasichana wasipungue watatu, na mafunzo yafanyike saa ambazo dada zetu wanaweza kufika, siyo jioni wakati kila mmoja yuko jikoni au kisimani. Kikomo kiwe wati 60, kutoka paneli moja na betri moja. Siku mbili. Na umeme ukatwe mara moja bila taarifa. Hapo hatuna wasiwasi wowote.

Nne, kazi za kushindania ziwe za huku. Timu ipewe rekodi za mvua za miaka mingi, itafute msimu umebadilikaje. Ipewe maandishi ya Kikakwa, Kikaliko na Lingala, ihesabu maneno yanayotumika zaidi ili tuanze kamusi ya shule. Maktaba yake ihudumie simu arobaini kwa mara moja bila kuzimika. Na anayepata alama nyingi awe aliyefanya kazi nyingi kwa kila wati.

Tano, majaji wawe wa karibu. Muni University iko Arua pale, ni chuo cha serikali na kinafundisha kompyuta. Mafundi sola wa Koboko nao waketi mezani. Mgeni kutoka mbali tutampokea, lakini asiwe yeye wa kuamua peke yake.

Sita, badilisheni ripoti. Acheni kuhesabu vichwa vilivyotia saini. Baada ya mwaka mmoja njooni mhesabu mashine ngapi bado zinawaka, na vijana wangapi wanaweza kuitengeneza inayogoma. Namba hizo zikiwa ndogo, andikeni ndogo.

Mtu atauliza, kwa nini tusiwapeleke tu vijana wawili watatu huko Ulaya au Marekani wakashindane? Kwa sababu mnajua mkimbizi anavyopata hati ya kusafiri na viza. Miaka inapita. Na wakienda wawili, mia tatu wanabaki wakitazama picha. Mwaka 2020 corona ilipofunga dunia, mashindano hayo makubwa yalifanyika kwa mbali, kila timu ikiwa kwao. Kwa hiyo safari siyo lazima. Tuanze hapa, tujue kiwango chetu, halafu tutaomba nafasi kwenye yale ya bodi ndogo tukiwa tumekaa hapa hapa Lobule.

Na kwenu vijana wenzetu neno moja. Tukipewa, kazi ni yetu. Bodi isiuzwe sokoni, betri isihamishwe nyumbani kwa mtu, na kiongozi wa timu asiwe mtoto wa kiongozi. Tukishindwa hapo, tutakuwa tumewapa sababu ya kutuletea bango lingine.

Mashirika, ofisi ya OPM, walimu, tumemaliza. Paneli moja, betri moja, wati 60, siku mbili kwa kila timu. Hesabu iko hapo juu, wazi. Mkikataa, tuonyesheni mstari gani tumekosea.